Joto la mtungi halipimwi kwa rungu

Usiku wa pili wa ziara yangu katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, niliamshwa na sauti ya mtu anayelalama. Ilikuwa yapata saa tisa za usiku, mwezi wa Februari, na baridi ya huko haimhurumii mtu aliyelelewa Vihiga. Nilidhani habari za msiba zimefika kutoka nyumbani. Nikateremka ngazi mbio, blanketi likiwa mabegani, nikamkuta mpwa wangu amepiga magoti mbele ya jokofu kuukuu lililowekwa chini ya ngazi, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Imepikika, Mjomba," akaniambia. "Bia yangu yote imepikika. Nyuzi thelathini na moja!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Kijana huyu ni mhandisi wa umeme, na mtambo ule ulikuwa fahari yake. Ndani ya jokofu lile mlikuwa na ndoo kubwa ya plastiki yenye lita 20 za bia inayochachuka. Ubavuni mwa ndoo alikuwa amebandika kipimajoto cha elektroniki kisichozidi ncha ya kidole, nacho kilipeleka habari kwenye kompyuta ndogo ipatayo ukubwa wa kitambulisho cha kitaifa. Kompyuta hiyo ndiyo iliyoamua ni lini jokofu lipoze na ni lini hita ndogo ipashe moto, ili bia isitoke kwenye nyuzi 19 za Selsiasi. Jioni ile, kabla ya kulala, alikuwa amefungua mlango ili anionyeshe kazi yake. Utepe ukabanduka bila sisi kutambua. Alipoufunga mlango, kipimajoto kilibaki kikining'inia nje, kwenye ubaridi wa ushoroba. Mtambo ukasoma nyuzi 11, ukaamini kwamba bia inakufa kwa baridi, ukawasha hita. Ukaiacha ikiwaka usiku kucha, kwa utiifu wa mtumishi asiyeuliza swali.

Mpenzi msomaji, sikusudii kuusifu ulevi. Ninajua vyema nyumba zilizobomoka kwa sababu ya chupa, na huenda nawe unazijua. Nimekisimulia kisa hiki kwa kuwa tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naona linatuhusu sisi wa Kenya kuliko linavyowahusu Waingereza. Ni nani hasa anayeijua pombe: ni yule mwenye chombo cha kupimia, au ni yule mwenye mkono uliozoea? Na je, ni lazima hawa wawili wawe maadui?

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Bia ya kizungu hutokana na shayiri iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa na kuwa kimea. Kimea hupondwa na kulowekwa katika maji ya moto, wanga wake ukageuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa, yakachemshwa pamoja na maua machungu ya hopsi, yakapozwa, kisha yakatiwa hamira. Hamira hula sukari na kuacha kileo na gesi. Hiyo ndiyo hadithi nzima, na mtu akiisikia huiona nyepesi. Uzito wake uko katika jambo moja tu, nalo ni joto.

Joto huamua mara mbili. Mara ya kwanza ni pale kimea kinapolowekwa. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vya aina mbili vinavyovunja wanga. Aina moja hufanya kazi yake vizuri kati ya nyuzi 60 na 65, na sukari inayotoka hapo huliwa yote na hamira, bia ikawa nyepesi na kavu. Aina ya pili hupendelea nyuzi 70 hivi, na huacha sukari nzito ambazo hamira haiziwezi, bia ikawa na mwili na utamu. Kwa hiyo mpishi aliyekosea kwa nyuzi tano hajaharibu pombe. Amepika pombe nyingine kabisa, ambayo hakuikusudia. Akizidisha hadi nyuzi 80, vimeng'enya vyote hufa, naye hubaki na uji.

Mara ya pili ni wakati wa kuchachuka, na hapa pana mtego. Hamira ni kiumbe hai, na kiumbe hai akifanya kazi hutoa joto. Bia iliyo katika siku zake mbili tatu za mwanzo huweza kuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya chumba ilimowekwa. Mtu huangalia kipimajoto cha ukutani, akaona nyuzi 20, akaenda zake kwa amani, kumbe ndani ya pipa ni 24 au zaidi. Hamira nyingi za Ulaya zikipata joto jingi hukimbia kazi: huimaliza upesi, lakini huacha harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, na vileo vizito vyenye ladha kali ya rangi ya kupaka. Zikipata baridi nyingi hulala chini ya pipa, sukari ikabaki bila kuliwa. Zile za bia nyepesi tuliyoizoea hapa kwetu hutaka nyuzi 8 hadi 13. Zile za bia za kale za Kiingereza hutaka 18 hadi 22. Haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo ni kama aliwahi kuchungulia ndani ya pipa.

Wazungu nao hawakuzaliwa wakijua haya. Mnamo mwaka wa 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku upishi wa bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi tarehe 29 Septemba, kwa kuwa bia ya majira ya joto iliharibika mno. Kwa ufupi, serikali yenyewe ilikuwa kidhibiti joto, na kalenda ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Wapishi wa huko walikuwa na hila nyingine ya kale. Walichota sehemu ya kimea kilicholowekwa, wakaichemsha, wakairudisha kwenye pipa. Na kwa kuwa maji yanayochemka huwa na joto lile lile kila siku mahali pale pale, walipata joto walilolitaka bila chombo chochote. Huko Uingereza mpishi aliinamia maji ya moto na kungoja mvuke upungue hadi auone uso wake mwenyewe majini. Hapo ndipo alipotia kimea.

Hila hizo zilikuwa za busara, lakini zilikuwa za mahali pake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 au 95 hivi, wala si 100. Mtu akileta kipimo cha pwani au cha London na kukitumia Nairobi bila kufikiri, atakosea kabla hajaanza. Jambo hili nakuomba ulikumbuke, kwa maana nitalirudia.

Kipimajoto kilipofika hakikupokelewa kwa shangwe. Ingawa Fahrenheit alikuwa ametengeneza kile cha zebaki mnamo 1714, ni mwaka wa 1762 ambapo Michael Combrune, mpishi wa bia wa London, alichapisha kitabu cha kuwahimiza wenzake wakitumie. James Baverstock wa mji wa Alton ilimbidi akifiche kipimajoto chake ili babake asikione, kwa kuwa mzee huyo hakutaka kusikia habari za vyombo vipya. Lakini miaka haikupita mingi kabla ya mambo kugeuka. James Joule, aliyezaliwa mwaka wa 1818 karibu na Manchester katika familia ya wapishi wa bia, alikuja kuwa miongoni mwa wapimaji hodari wa joto katika sayansi yote. Katika miaka ya 1870 wapishi wa bia wa Ujerumani walimsaidia Carl von Linde kujenga mashine yake ya kupozea, na majira ya joto hayakuwa kizuizi tena. Mwaka wa 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuiotesha hamira ya aina moja safi, isiyochanganyika na vijidudu vingine.

Tazama, basi, kilichotokea. Maarifa ya joto yalitoka jikoni yakahamia kiwandani, na kiwandani yakafungiwa mlango. Mwenye mtaji alinunua mashine ya baridi, akaajiri mkemia. Asiye na mtaji alibaki na kiganja chake. Hapa Kenya kiwanda cha bia kilianzishwa Ruaraka mwaka wa 1922, na kikakua kikiwa na wahandisi na mitambo yake. Mama mwenye mtungi, aliyekuwapo kabla ya kiwanda, hakupelekewa mhandisi. Alipelekewa askari.

Kilichobadilika katika siku zetu ni bei. Chombo kinachojiongoza chenyewe kwa joto si kipya. Mapema katika karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel alibuni tanuri la kuangulia mayai lililojirekebishia moto wake lenyewe, na inajulikana kwamba mwishoni mwa maisha yake alikuwa akiendesha kilabu cha pombe mjini London. Lakini chombo cha aina hiyo kilihitaji fundi mkuu na fedha nyingi. Leo kipimajoto cha elektroniki kama kile cha mpwa wangu, ambacho hakikosei kwa zaidi ya nusu ya uzi, ni kitu cha bei nafuu. Vibao vya Arduino, vilivyoanzia Italia mwaka wa 2005, na vikompyuta vya Raspberry Pi, vilivyotoka Uingereza mwaka wa 2012, vilitengenezwa makusudi ili mwanafunzi aweze kuvinunua. Na kwa kuwa tangu mwaka wa 1963 Mwingereza anaruhusiwa kujipikia bia nyumbani bila leseni wala ushuru, maadamu haiuzi, vijana wa huko wamevigeuza vyombo hivyo kuwa walinzi wa mapipa yao. Marekani nayo iliwafungulia watu wake mlango kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi wa Oktoba 1978.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa kilio, mpwa wangu alinieleza jinsi mtambo unavyofikiri, nami nikaona kwamba kuufunza mtambo ni sawa na kumlea mtoto. Ukiuambia tu, "joto likizidi 19, washa jokofu, likipungua, zima," jokofu litawaka na kuzimika kila dakika, na kompresa yake itaungua. Ni lazima uupe nafasi ya kuvumilia: usiwashe mpaka joto lipite kwa nusu ya uzi, na ukishazima, ungoje dakika tano kabla ya kuwasha tena. Halafu kuna ule uzito wa bia. Hewa ndani ya jokofu hupoa upesi, lakini lita 20 za bia hupoa polepole. Mtambo ukingoja hadi bia yenyewe ifike 19 ndipo uzime, hewa itakuwa imekwisha kuwa baridi mno, nayo bia itaendelea kushuka hadi 17. Ni kama dereva wa matatu anayekanyaga breki akiwa tayari amefika kituoni: abiria watashukia mbele ya safari. Kwa hiyo mtambo mzuri huwa na vipimajoto viwili, kimoja cha bia na kimoja cha hewa, na hufundishwa kuanza kupunguza mwendo mapema, kwa kuangalia mambo yalivyokuwa na yanakoelekea.

"Na nani aliyeuambia kwamba nyuzi 19 ndizo sahihi?" nikamuuliza.

"Mimi, Mjomba. Nilisoma kitabuni."

Jibu hilo nilisafiri nalo hadi nyumbani.

Sasa nitasema habari za mama yangu, ambaye ni nyanya wa kijana huyu. Mama alikuwa mpishi wa busaa. Alikanda unga wa mahindi kwa maji, akauacha uchachuke kwa siku kadhaa, akaukaanga juu ya bati hadi ukawa wa hudhurungi, akauanika juani. Kisha aliutia mtungini pamoja na maji na kimea cha wimbi alichokiotesha mwenyewe, akauacha tena hadi uive, ndipo akachuja. Kwa busaa hiyo nililipiwa karo, na dada yangu akalipiwa karo, na bila karo ya dada yangu mwanawe asingekuwa mhandisi Leeds. Sioni haya kuyaandika haya gazetini.

Mama hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na mgongo wa mkono wake, aliougusisha ubavuni mwa mtungi, na sikio lake, alilolitega mdomoni mwa mtungi ili asikie jinsi unavyonong'ona. Mwezi wa Julai, baridi ilipokaza, aliuvisha mtungi blanketi na kuusogeza karibu na mafiga. Mwezi wa Januari aliusukuma hadi karibu na mlango. Alizoea kutuambia kwamba mtungi ni kama mtoto mchanga: ukiufunika kupita kiasi utalia, ukiuacha wazi utapata kikohozi.

Nilipokuwa darasa la sita, askari walikuja asubuhi. Hawakuuliza kilichomo ni nini, kimekaa siku ngapi, wala kimetiwa nini. Mmoja aliupiga mtungi rungu, busaa ikatapakaa hadi kwenye ua wa kuku. Mama alilala mahabusu siku mbili, akatozwa faini, nami nikakaa nyumbani muhula mzima. Jambo ambalo sijalisahau ni kwamba baada ya siku hiyo mama alipika kwa woga. Aliuficha mtungi kwenye kichaka cha migomba, mahali ambapo hakuna moto wala blanketi, naye hakuweza kwenda kuutazama mara kwa mara. Pombe yake ikaharibika mara kwa mara. Ujuzi wake haukuwa umepungua. Alikuwa amezuiwa kuutumia.

Mwezi wa Desemba uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani. Mama ana miaka zaidi ya 80 na aliacha kuuza pombe zamani, lakini wazee walikuwa wanakuja kuzungumzia mahari ya binti mmoja wa ukoo, naye akasema hawezi kuwapokea kwa soda. Akaweka mtungi mmoja. Kijana akaomba ruhusa ya kutumbukiza kipimajoto chake, baada ya kukiosha kwa maji yaliyochemshwa.

"Hicho kidude kitaniambia nini ambacho sikijui?" mama akauliza.

"Hakitakuambia chochote, Nyanya. Wewe ndiwe utakayekiambia."

Kwa siku tatu kipimajoto kiliandika joto la mtungi kila dakika, na kingine kikaandika joto la hewa ya nje. Siku ya nne mpwa wangu aliufungua mchoro wake mbele yetu. Mstari wa hewa ulipanda na kushuka kama milima ya Nandi: nyuzi 14 alfajiri, nyuzi 28 alasiri. Mstari wa mtungi ulikuwa karibu umenyooka. Haukushuka chini ya nyuzi 26 wala haukupita 30. Mahali pamoja tu, usiku wa pili, mstari ulianza kuinama, kisha ukainuka tena taratibu.

"Hapa palitokea nini?" kijana akauliza. "Ni saa kumi za usiku."

"Niliamka," mama akajibu. "Niliusogeza karibu na makaa."

Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Mtambo uliomchukua majira mawili ya baridi kuujenga, nyanya yake alikuwa ameubeba mwilini kwa miaka 60. Alijua kuvumilia mabadiliko madogo, alijua kutangulia baridi kabla haijaufikia mtungi, na zaidi ya yote, alijua kama kipimo chake kimebanduka. Kisha mama akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

"Hicho kidude," akasema, "kinaweza kuamka badala yangu? Magoti yangu yamechoka."

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la Leeds. Mashine haiji kumnyang'anya mjuzi ujuzi wake. Inakuja kumpa usingizi. Lakini ni lazima ijue kwanza inachokilinda, na hilo haliwezi kuletwa kutoka ng'ambo. Lau mpwa wangu angeuwekea mtungi wa nyanya yake zile nyuzi 19 za kitabuni, busaa ingelala na kuchacha vibaya, na wazee wa mahari wangeondoka wakinung'unika. Hata huko Ulaya kipimo si kimoja. Wakulima wa magharibi mwa Norway wana hamira yao ya jadi iitwayo kveik, waliyorithishana kwa kuikausha na kuitunza nyumbani, nayo huchachusha bia vizuri hata katika nyuzi 35 na zaidi, joto ambalo kitabu cha mpwa wangu kingeliita janga. Wakulima hao hawakuambiwa kwamba wao ni washenzi. Watafiti waliwaendea na vipimo, wakaandika wanachokifanya, na leo hamira hiyo inauzwa duniani kote.

Sisi nasi tunafanya nini? Nitasema wazi ili nisieleweke vibaya. Vifo vinavyotokana na pombe haramu ni aibu ya taifa. Mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi. Mwezi wa Mei 2014 wakafa zaidi ya 80 katika kaunti mbalimbali. Mwezi wa Februari 2024 Kirinyaga nayo ikazika watu wake. Lakini ukiulizia kilichowaua watu katika mikasa kama hii, jina linalorudi ni methanoli, kemikali ya viwandani inayotiwa kinywajini na wafanyabiashara wenye pupa. Haitoki kwenye mtungi wa wimbi uliovishwa blanketi. Kipimajoto hakiwezi kuiona methanoli, na yeyote atakayekuambia kwamba kinaweza, mkimbie. Hata hivyo, kuna uhusiano kati ya mambo haya mawili, nao ni haraka. Mpishi anayewindwa hawezi kungoja siku tatu. Asiyeweza kungoja hutafuta cha kuharakisha, na muuza sumu yuko tayari mlangoni kumpa.

Sheria ya mwaka wa 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa na kuileta chini ya leseni na viwango. Hiyo ilikuwa hatua ya busara. Lakini kwa maoni yangu viwango hivyo viliandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanda, si mama mwenye mitungi mitatu. Ninachopendekeza si kikubwa. Vyuo vya ufundi vilivyo katika kaunti zetu vina vijana wanaojifunza umeme na kompyuta, na aghalabu hukosa kazi ya kweli ya kufanyia mazoezi. Wapelekwe kwa wapishi wa busaa, wa muratina na kwa wagema wa mnazi. Wapime joto la mitungi ya wale wanaosifika, mwaka mzima, masika na kiangazi. Waandike tarakimu hizo kwa lugha inayosomeka. Kisha watengeneze kidhibiti joto cha bei ya chini, kinachoendeshwa kwa betri, kwa kuwa umeme wetu tunaujua: mwezi wa Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi karibu nzima ikazimika. Mtambo usioweza kumvumilia tumbili mmoja haufai Kenya.

Fauka ya hayo, mtambo wa aina hiyo hutunza kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari, na pombe bila daftari huua bila habari. Mpishi mwenye rekodi ya siku tatu za joto la mtungi wake ana kitu cha kumwonyesha afisa wa afya, na afisa naye ana jambo la kuuliza kabla hajainua mguu kupiga teke. Mazungumzo yanaanzia hapo.

Najua watakaosema kwamba ninataka kuipamba pombe kwa sayansi. Ninawajibu kwamba pombe ya matajiri ilikwisha kupambwa zamani, tena kwa mashine ghali zaidi, na hakuna aliyelalamika. Watasema pia kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ni kweli, na ndiyo sababu sitaki asifiwe tu. Nataka apimwe. Lakini anayempima awe na kipimajoto mkononi, si rungu.

Kabla hajarudi Leeds, mpwa wangu aliunganisha kisanduku kidogo na taa inayotoa joto la kadiri, akakiweka karibu na mahali pa mtungi jikoni mwa nyanya yake. Juu yake aliandika kwa kalamu ya wino: nyuzi 26 hadi 30. Nilimwona akikifunga kipimajoto ubavuni mwa mtungi mtupu ili amwonyeshe nyanya yake namna ya kukiweka. Safari hii hakutumia utepe. Alitumia kamba ya mkonge, akaipigisha fundo mara mbili, na mama akaivuta kuhakikisha kwamba imekaza.